Albion au Old School? Kabla hujachagua, sikiza historia

Kila mwezi napata swali lile lile, na kila mwezi naliruka. "Bro, nianze Albion Online ama Old School RuneScape?" Juzi limekuja tena, kutoka kwa kijana wa kidato cha tatu hapa Malindi, na safari hii akaongeza maneno yaliyonikamata shati: "Nina simu moja, bando la shilingi hamsini, na sitaki kuanza kitu halafu nijute."

Hapo nikaona haya. Huyu hajauliza ipi ina picha kali. Ameuliza ipi haitamtupa. Na swali kama hilo halijibiki kwa kulinganisha mapanga na mazimwi. Linajibika kwa historia. Basi leo kaa, chukua mahamri na chai, tuongee kidogo.

Kwanza kwa wale wageni. Zote mbili ni gemu za dunia ya kubuni: wachawi, mapanga, migodi, mazimwi, na maelfu ya watu wa kweli ndani ya dunia moja kwa wakati mmoja. Zote unaanza bure. Zote zinachezwa kwa simu na kwa kompyuta, akaunti ile ile. Ndiyo maana vijana wa Malindi na Kilifi wanabishana juu ya hizi mbili na si nyinginezo. Mwenye simu tu anaingia.

Ugomvi ulioanza kabla hatujazaliwa

Watu wanadhani ubishi huu ni wa juzi. La. Ni wa zamani kuliko wengi wetu.

Septemba 1997 kulitoka gemu inaitwa Ultima Online. Dunia moja, watu maelfu, na sheria karibu hakuna. Ukikutana na mtu msituni akakuua, anakuvua kila kitu: ngao, dhahabu, hata mkate. Hata mwenye gemu hakusalimika. Agosti mwaka huo, gemu ikiwa bado kwenye majaribio, Richard Garriott aliyeibuni alikuwa amesimama mbele ya watu kama mfalme wa ile dunia. Mchezaji mmoja akamwashia moto wa uchawi, mfalme akafa hapo hapo mbele ya raia wake. Kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo.

Machi 1999 ikaja mshindani, EverQuest. Yenyewe ilisema: adui wako ni zimwi, si jirani yako. Tafuteni kundi, shikaneni mikono, mkaliue pamoja. Ilikuwa ya subira, saa nyingi sana za kukaa mahali pamoja mnangoja. Watu wakahamia huko kwa wingi, mpaka mwaka 2000 Ultima ikalazimika kuigawa dunia yake mara mbili: upande wa hatari, na upande ambao hakuna wa kukuibia.

Shika hilo, kwa sababu ndilo swali lenyewe mpaka leo. Unataka dunia ya hatari, ambapo kila kilicho chako kinaweza kuwa cha mwingine dakika hii? Ama unataka dunia ya subira, ambapo unachojenga kinabaki? Albion ni mjukuu wa Ultima. Old School imekaa zaidi upande wa subira. Tunarudia ugomvi wa babu zetu wa mtandao, tofauti ni kwamba sisi tunaurudia kwenye simu iliyopasuka kioo.

Kwa nini Pwani tulianza na RuneScape

Januari 2001, Andrew Gower wa Cambridge, Uingereza, akisaidiwa na ndugu yake Paul, alitoa RuneScape. Ilikuwa na sura mbaya, tuseme ukweli. Watu kama wamechongwa kwa panga butu. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo gemu kubwa hazikuwa nalo: ilifunguka ndani ya kivinjari cha intaneti. Huhitaji kununua diski wala kuinstoli chochote.

Sasa weka hilo Malindi ya wakati ule. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilikuwa inapita juu kwenye satelaiti, ghali na polepole. Gemu iliyotesa dunia ilikuwa World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004. Lakini ile ilitaka uinunue kwanza, halafu ulipe kama dola 15 kila mwezi, tena kwa kadi ya benki. Nani hapa alikuwa na kadi? M-Pesa yenyewe ilianza Machi 2007, na haikuwa inalipa vitu vya ng'ambo.

Na kwenye saiba, mwenye duka alikuwa amefunga kompyuta zake usiinstoli kitu. Kaka yangu mkubwa alikuwa na shilingi ishirini, nusu saa, na kivinjari. RuneScape ikaingia hapo kama ufunguo kwenye kufuli yake. Hakuichagua kwa sababu ni bora. Aliichagua kwa sababu mlango wake ndio uliokuwa wazi.

Mwaka 2009 nyaya za kwanza za baharini zikatua Mombasa, TEAMS mwezi Juni na SEACOM mwezi Julai. Saiba zikaanza kuwa na kasi. Mimi niliingia mwaka uliofuata, darasa la sita, nikikaa kwenye kiti cha pembeni huku kaka ananionyesha jinsi ya kukata mti. Mazee, nilikata miti mwezi mzima. Mamangu akiniuliza nimesoma nini leo saiba, nikimwambia sayansi.

Hili ndilo somo la kwanza la historia yetu: mtu wa Pwani hachagui gemu akiwa hewani. Anachagua akiwa amesimama juu ya waya, bei na foleni ya saiba. Anayekwambia "cheza tu unayoipenda" huenda hajawahi kuhesabu dakika.

Kura ya 2013

Novemba 2012 kampuni ya RuneScape, Jagex, ilibadilisha kabisa namna ya kupigana ndani ya gemu. Ghafla gemu waliyoijua watu ilikuwa haipo. Waliokaa miaka mitano, sita, wakijenga mtu wao, waliamka wakakuta nyumba imebomolewa wakiwa wamelala. Wengi wakaondoka.

Kilichofuata si cha kawaida kwenye biashara hii. Jagex walikuwa wamehifadhi nakala ya gemu kama ilivyokuwa Agosti 2007. Februari 2013 wakaitisha kura: tuirudishe? Kura karibu 450,000 zikapigwa. Tarehe 22 Februari 2013 Old School RuneScape ikafunguliwa, dunia ya 2007 imefufuliwa. Na kuanzia hapo ikawekwa desturi: kitu kipya kikubwa hakiingii bila wachezaji kupiga kura. Kwa miaka mingi kizingiti kilikuwa asilimia 75 ya waliopiga; baadaye kikashushwa hadi 70.

Fikiria hapo kidogo. Asilimia 75. Hapa kwetu mtu anapata ubunge kwa kura chache kuliko hizo na anatembea na ving'ora.

Sisemi Jagex ni malaika. Uanachama kamili unapita dola 10 kwa mwezi, na bila huo sehemu kubwa ya ramani imefungwa. Kampuni yenyewe imebadilisha wenyewe mara kadhaa: mwaka 2021 ilichukuliwa na Carlyle ya Marekani, na 2024 ikauzwa tena kwa CVC. Lakini kura imebaki. Anayenunua kampuni anazikuta zile kura mlangoni.

Albion, na dunia ya kuanza upya

Albion Online ilitoka Julai 2017, kazi ya Sandbox Interactive wa Berlin, Ujerumani. Aprili 2019 ikawa bure kuanza, na Juni 2021 ikaja rasmi kwenye simu.

Nakwambia ukweli: ni gemu tamu. Wewe ndiye nguo zako. Ukivaa joho ni mchawi, ukivaa chuma ni askari, hakuna anayekuchagulia. Karibu kila panga na kila kanzu imetengenezwa na mchezaji mwingine na kuuzwa sokoni, kwa hiyo soko lake lina pumzi kama soko la kweli. Na ramani ina rangi. Kwenye maeneo ya buluu unatembea salama. Kwenye njano utaangushwa, lakini vitu vyako utabaki navyo. Kwenye nyekundu na nyeusi, ukifa umevuliwa. Kila kitu. Moyo unadunda kama umeiba embe.

Lakini angalia seva. Kwa miaka ya kwanza dunia ilikuwa moja, na seva yake iko Marekani. Machi 2023 ikafunguliwa seva ya Asia. Mwisho wa Aprili 2024 ikafunguliwa ya Ulaya, ambayo kwetu ndiyo ya karibu zaidi. Tatizo ni kwamba kila seva ni dunia yake. Mtu wako wa Marekani hahami na mali yake. Ukienda Ulaya unaanza mikono mitupu.

Sisi tulikuwa watano. Wawili Malindi, wawili wanasoma Kilifi, na mmoja alikuwa Doha, ameajiriwa ulinzi tangu 2022. Old School ndiyo ilikuwa baraza yetu. Seva ya Ulaya ilipofunguliwa tukasema, twendeni Albion wote, tuanze sawa na dunia nzima. Wiki mbili tukafanya kazi kama mchwa. Tukachanga, tukatengeneza nguo za kundi, tukajiona majemedari.

Halafu ikaja Jumapili, tarehe 12 Mei 2024.

Nyaya mbili za baharini zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Miezi michache kabla, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Afrika Mashariki ikabaki inapumua kwa mrija. Sisi hatukujua chochote. Tulikuwa eneo jekundu, tumebeba kila kitu tulichonacho, tunavuka daraja. Skrini ikaganda. Iliporudi, mimi na wenzangu wa hapa tulikuwa maiti, tumevuliwa mpaka soksi. Aliyesalia hai alikuwa yule wa Doha, maana mtandao wake haukupita njia yetu. Akaandika: "Mko wapi?"

Hakuna wa kulaumu. Waliotuua walicheza gemu kama inavyotaka kuchezwa. Lakini wawili kati yetu waliifuta gemu usiku ule, na mpaka leo hawajarudi, si Albion si Old School. Kundi la miaka likavunjika kwa waya uliokatika mbali kabisa nasi, na kwa sheria inayosema aliyeganda amekufa.

Hesabu ndogo ya umbali

Hapa ndipo historia na fizikia zinakutana, na ndipo nataka yule kijana asome mara mbili.

Mwanga ndani ya waya hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukulia njia ya waya kutoka Mombasa hadi seva za Ulaya ni kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni 20,000, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, milisekunde 100, kabla hujaongeza mitambo ya njiani na mnara wa simu wa mtaani kwenu. Hiyo ndiyo tunaita pingi. Hata uwe na simu ya laki mbili, Kilifi haitasogea Amsterdam.

Kwenye Albion, vita ni vya papo kwa papo. Mwenzako aliye karibu na seva anakuona unainua upanga kabla mkono wako haujafika. Unaweza kucheza, wengi wanacheza na wanashinda, lakini unaanza kila pambano ukiwa na deni.

Old School inaendeshwa kwa mapigo. Kila pigo ni sekunde 0.6, yaani milisekunde 600. Amri yoyote inayofika ndani ya pigo inahesabiwa pamoja na nyingine. Pingi ya 200 inameza theluthi moja ya pigo, basi. Kijana wa London na kijana wa Mnarani mara nyingi wanafika pamoja.

Na hilo halikuwa ukarimu kwa Waafrika. Ni kwa sababu gemu ilizaliwa 2001, wakati Uingereza yenyewe intaneti ya wengi ilipita kwenye simu ya mezani. Walitengeneza gemu ya mtandao dhaifu kwa sababu wao ndio waliokuwa dhaifu. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, udhaifu wao wa zamani ndio mlango wetu. Halafu ukifa mahali pa kawaida, kaburi lako linatunza vitu vyako dakika 15 uvirudie. Kama ni waya umekatika, dakika 15 ni nyingi.

Malindi tulishawahi kuchagua

Mtu atasema, wewe unaleta ubibi, tuongee gemu. Sawa, lakini sisi ni watu wa Malindi, na kuchagua upande ndiyo historia yetu ya kwanza shuleni.

Aprili 1498 Vasco da Gama alifika hapa akitoka kugombana Mombasa. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu. Mtawala wa Malindi akaona, adui wa adui yangu amekuja na mizinga, huyu wangu. Akampokea, akampa nahodha wa kumvusha mpaka India. Karibu miaka mia Malindi ikawa rafiki wa Mreno.

Halafu Mombasa ikaanguka. Na Mombasa ina bandari nzuri kuliko yetu. Mwaka 1593 Mreno akaanza kujenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa. Tulishinda ule ugomvi, na baada ya ushindi mji wetu ukazorota. Mnara wa Vasco bado umesimama pale baharini, watalii wanapiga picha.

Malindi ilijiuliza, "Nani ana nguvu?" Haikujiuliza, "Akipata bandari bora, atabaki?" Hilo la pili ndilo swali la kuuliza gemu yoyote unayotaka kuipa miaka yako. Sandbox Interactive nayo ilinunuliwa na Stillfront ya Uswidi mwishoni mwa 2020. Wote hawa ni wafanyabiashara, wana haki ya kuhama. Swali ni, wakihama, wewe unabaki na nini?

Ukitaka kuona mji ambao watu wake waliondoka, panda matatu ushuke Gede. Misikiti, visima, nyumba zenye vyumba, na mibuyu imekulia ndani. Mwaka 2024 UNESCO imeuweka kwenye urithi wa dunia, hongera kwetu, lakini hakuna anayepika pale. Gemu nazo hufa hivyo. RuneScape ile ya kwanza kabisa, ya 2001, ilizimwa Agosti 2018. Na kwa kawaida gemu haifi siku seva inapozimwa. Inakuwa imeshakufa siku watu wako walipoacha kuja.

Basi jibu langu

Kijana wangu, ukiwa na intaneti ya nyumbani isiyoyumba, kundi la watu kumi wanaoaminiana, na moyo wa kupoteza kila kitu Ijumaa na kuanza tena Jumamosi, nenda Albion. Chagua seva ya Ulaya tangu siku ya kwanza. Na usibebe usichoweza kukilia.

Ukiwa na simu moja na bando la hamsini, anza Old School, dunia za bure. Haraka usiwe nayo. Kufika leveli 99 ya kazi moja kunahitaji pointi 13,034,431, na ukifika 92 ujue uko nusu ya njia tu. Naam, 92 ndiyo nusu. Hiyo gemu inakufundisha hesabu kwa ukatili. Lakini ulichojenga leo utakikuta, na akaunti yako inaingia dunia yoyote iliyo wazi kwako, ya Uingereza ama ya Marekani. Huhami na mikono mitupu.

Na kama umeambiwa kuna pesa ya kuuza dhahabu ya gemu, sikiza. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, watu kule waliua mazimwi ya kijani ndani ya Old School wapate dola ya chakula. Ilikuwa kweli, na ilikuwa dhiki. Ni kinyume cha sheria za gemu, akaunti inafutwa bila mjadala. Usiache shule kwa hilo.

Mimi nimebaki Old School, na sababu yangu ya mwisho si waya wala kura. Yule jamaa wa Doha akitoka zamu ya usiku anaingia, na mimi naingia kabla sijaenda kazini. Tunakaa kisiwani Karamja tunavua kambakoche wa kompyuta. Mtoto wa Malindi, bahari iko dakika tano kwa miguu, anavua kambakoche kwenye simu. Wazee wa pale jeti wakijua watanicheka mpaka Ramadhani. Lakini ni saa moja kwa wiki ambayo mimi na yeye tunakaa upande kwa upande, tunaongea habari za nyumbani, na mmoja akikatika mtandao mwenziwe anamngoja.

Kwa hiyo usiniulize tena ipi kali. Niambie watu wako wako wapi, na waya wako unapita wapi. Ukishajua hayo mawili, jibu umeshalipata.